Kadi za Ramadhani

Ukifika Malaba ukamuulizia Kassim fundi wa redio, utaonyeshwa kibanda changu nyuma ya stesheni ya reli bila shida yoyote. Ukimuulizia Kassim karani wa jua, watakucheka. Hakuna anayekumbuka kwamba mwaka wa sabini na saba, kuanzia Januari mpaka Desemba, mimi ndiye niliyekuwa nikiandika jua la hapa, saa kwa saa, katika daftari lenye jalada jekundu. Laiti nami ningeweza kusahau kama wao.

Kazi hiyo alinipa Emojong. Tulisoma naye darasa moja, tukachapwa kwa kiboko kimoja, kisha yeye akaenda ng'ambo akarudi injinia, mimi nikaenda Kampala nikarudi na sanduku la bisibisi. Alikuwa ameajiriwa na shirika moja la misheni lililotaka kuweka simu za upepo, zile za redio zisizo na waya, katika zahanati za mbali, kule ambako waya wa posta haukuwa na mpango wa kufika. Ya kwanza aliiombea kijijini kwao, maili saba kutoka Malaba. Kule mama akizidiwa na uzazi siku ya mvua, ilibidi abebwe kwa kitanda mpaka barabara kuu. Simu ya upepo ingeita ambulensi kutoka hospitali ya Busia. Simu ingekula moto wa betri, na betri ingelishwa na paneli za jua.

Hizo paneli hazikuwa kitu cha kuokota. Kila moja ilitoka ng'ambo kwa meli na kuombewa kibali Nairobi, kwa hiyo shirika halikutaka kuweka hata moja ya ziada. Ilibidi Emojong aseme mapema, kwa maandishi, ngapi zitatosha.

"Kassim," aliniambia, "mimi sitaki kuambiwa hapa iko jua. Hiyo kila mtu anajua. Nataka kujua ni mwezi gani haiko."

Alinieleza akichora kwa kidole kwenye vumbi la meza yangu. Betri haifi Januari, wakati kila kitu kimekauka. Hufa katika ule mwezi mmoja wa mawingu, inapotoa zaidi ya inavyopokea siku baada ya siku. Kwa hiyo unautafuta mwezi mbaya kuliko yote, unahesabu paneli za mwezi huo, na miezi mingine inajitunza yenyewe. Ukikosea mwezi mzuri, hujaharibu kitu. Ukikosea mwezi mbaya, umeharibu kazi nzima.

Kisha akafungua kisanduku akatoa chombo chenyewe. Kilikuwa tufe la kioo, kubwa kama chungwa, limekalia kikombe cha chuma. Nyuma yake unachomeka kadi nyembamba ya buluu. Jua likipita kwenye kioo linachoma mstari juu ya kadi, na kadiri jua linavyotembea, mstari nao unatembea. Wingu likifunika, mstari unakatika. Jioni unatoa kadi, unapima kwa rula pale palipoungua, unajua jua liliwaka kwa muda wa saa ngapi, unaandika, unaweka kadi mpya.

"Jioni, jua ikishazama," Emojong alisema. "Kadi moja, siku moja. Usikose."

"Unaniambia mara ngapi? Mimi ni mtoto?"

Ndivyo nilivyo. Huwa sipendi kurudiwa jambo.

Nililiweka tufe juu ya paa la kibanda, mahali ambapo hakuna mti wala ukuta wa kulitia kivuli. Mwaka ule wa sabini na saba mpaka ulikuwa umejaa magendo ya kahawa ya Uganda, na askari wa forodha walipanda ngazi yangu mara mbili wakidhani nimeweka taa ya kuwapa ishara watu wa upande wa Uganda. Niliwaeleza kuwa napima jua. Mmoja akaniuliza kama jua limepungua mpaka lipimwe. Shamsa, mke wangu, alicheka wiki nzima. Lakini kazi niliifanya. Kuanzia Januari mpaka katikati ya Agosti sikukosa jioni hata moja, na nikitazama kurasa zile najiona nilivyokuwa mtu wa maana.

Kisha Ramadhani ikaandama, na mawingu yakaandama pamoja nayo.

Kadi ilitakiwa kubadilishwa jua likishazama, na jua likishazama ndipo adhana ya magharibi inapolia. Wewe uko na kiu tangu alfajiri, uji unanukia, na chombo kiko juu ya mabati yaliyolowa mvua. Jioni ya kwanza nilisema nitapanda nikishafuturu. Nikafuturu, nikaswali, nikaenda tarawehe, nikarudi nikalala. Nikaamka daku, nikala, nikalala tena. Nilipokumbuka, jua lilikuwa limeshapanda na kadi ya jana imeshaanza kuchomwa kwa siku ya pili. Nikasema, basi, iache mpaka jioni.

Jioni ile nilipoitoa niliona mstari mmoja mzuri, mrefu. Nikaupima, nikapata saa nane. Nikaandika saa nane kwa jana na saa nane kwa leo. Nikaona hata kazi imekuwa rahisi. Tangu hapo nikawa nabadilisha kadi kila baada ya siku mbili, mwezi mzima.

Sasa sikiliza kosa lilivyo, maana ni kosa dogo na la kijinga. Jumatatu jua lilitoka asubuhi, saa tano mvua ikanyesha mpaka jioni. Jumanne asubuhi ilikuwa mawingu matupu, jua likachungulia baada ya adhuhuri. Kila siku ilipata saa nne tu. Lakini kadi ilikuwa moja: Jumatatu ilichoma nusu ya kushoto, Jumanne ikachoma nusu ya kulia, na mtu akiitazama ataapa jua liliwaka kutwa. Mimi nikaichukua ile nane, nikaiandika mara mbili.

Nisisingizie mfungo. Baba yangu alifunga maisha yake yote akiendesha lori kati ya Mombasa na Kampala, na hakuna siku aliyosahau kutazama breki. Ulikuwa uvivu, nami nikaufunika kwa kanzu ya ibada.

Na sikukosa kuambiwa. Katikati ya mwezi ule Shamsa alikuja na bakuli la unga wa muhogo akaniwekea puani.

"Nusa hii. Imeota ukungu. Mama Alaso anasema muhogo yake imelala juu ya mawe siku sita na haijakauka. Anasema hakuna jua kabisa."

Alaso alikuwa mama wa Kiteso aliyetuletea unga kila wiki, mjane mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alianika muhogo tangu utotoni. Kama kuna mtu aliyejua jua la sehemu hii, ni yeye.

"Mwambie apunguze uvivu," nilijibu. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu. Nilikuwa nimetoka kuandika saa saba na nusu.

Desemba ilipokwisha Emojong alikuja na mashine ya kuhesabu akakaa siku nzima kibandani kwangu. Mwezi mbaya ukatoka kuwa wa nne, saa sita na nusu kwa siku. Paneli mbili zingetosha. Alifika kwenye Agosti na Septemba akasita.

"Saa saba na robo? Kassim, huo ni wakati mama zetu wanalia muhogo haikauki."

"Mama zetu hawana rula," nikamwambia.

Akacheka. Kadi zenyewe zilikuwa ndani ya bati la biskuti, karibu na kiwiko chake. Angelifungua angekuta Ramadhani nzima ina kadi kumi na tano. Hakulifungua. Alisema, "Wewe ni wewe," akaandika mbili.

Nilijua? Watu wangeniuliza hivyo kama wangejua la kuuliza. Nilijua kuwa sikufanya nilivyoambiwa. Sikujua kuwa ni kitu. Na mtu asiyependa kurudiwa jambo hapendi pia kurudi nyuma.

Simu iliwekwa mwezi wa tatu mwaka wa sabini na nane. Paneli mbili juu ya paa la zahanati, betri mbili ndani ya sanduku la mbao, na sista Anjeline, nesi wa pale, akiongea na Busia huku kijiji kizima kimejazana dirishani. Emojong alikuwa amehesabu maongezi ya dakika arobaini kwa siku, ili nesi asiogope kuitumia. Mwezi wa tano simu ile iliita ambulensi kwa mtoto aliyeumwa na nyoka, na mtoto akapona. Nilijivuna kama nimelileta jua kwa mkokoteni.

Mwezi wa saba mawingu yakaja mapema. Ramadhani ikaingia mwanzoni mwa Agosti. Ilipofika Jumanne ya wiki ya pili ya mfungo tulikuwa na siku saba ambazo kuku hakuwa na kivuli.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, mtu alianguka na baiskeli mbele ya kibanda changu. Alikuwa Oluka, mkulima wa kijijini kwa kina Emojong, kijana mpole ambaye nilikuwa nimemtengenezea redio mara moja. Alikuwa na matope mpaka kifuani.

"Fundi, sista amenituma. Simu imekufa. Mke wangu amezaa, mtoto iko salama, lakini damu inatoka haikatiki. Sista ameita Busia tangu saa mbili, hakuna mtu anajibu. Ile taa yake inawaka kidogo halafu inazima."

Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama maziwa ya unga, hakuna pa kuonyesha jua liko wapi. Nilijua palepale. Sikuhitaji kadi wala rula.

Tulikimbia posta. Nilipiga simu mimi mwenyewe, nikapiga kelele mpaka karani akafunga dirisha lake. Ambulensi ilitoka Busia, ikapita Malaba ikamchukua Oluka, ikaingia njia ya matope. Walifika zahanati saa saba. Adeke, mke wake, alikuwa amekata roho saa sita. Anjeline alimwambia kila mtu baadaye kwamba kama simu ingesema saa mbili, gari lingefika saa nne, na mama yule angekuwa hai. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kwa sababu ilikuwa kweli.

Adeke alikuwa binti wa Alaso, yule mama wa unga.

Nilirudisha baiskeli ya Oluka siku ya mazishi, nikaiegemeza kwenye ua, nikaondoka bila kumsalimu mtu. Jioni ile nililishusha tufe kutoka kabatini, nikalipandisha juu ya paa, na kwa wiki mbili nilibadilisha kadi kila siku jua likizama, kabla sijaonja hata tende. Zilitoka saa nne. Siku nyingine tatu. Hazikuzidi nne na nusu hata mara moja. Nikafanya hesabu kama Emojong alivyonionyesha kwenye vumbi la meza. Jibu lilikuwa paneli tatu. Moja zaidi, basi.

Kamati ya shirika ilikaa pale zahanati baada ya Idd. Emojong alikuwa amekonda. Alikuwa na karatasi zake, na karatasi zake zilisema kwamba betri zile hazikuweza kufa. Mwenyekiti, mzee wa kanisa mwenye sauti ya upole, akauliza kama simu ilikuwa ikitumiwa vibaya.

Anjeline alianza kulia kabla hajajibu. Akasema kuwa siku moja kabla ya Adeke kujifungua, Oluka alimwomba ruhusa ya kuongea kwa simu na ndugu yake aliyefanya kazi hospitali ya Busia, amwambie alete nguo za mtoto. Alimruhusu.

"Aliongea muda gani?" mwenyekiti akauliza.

Oluka alisimama nyuma kabisa. "Niliongea sana," akasema. "Nilifurahi. Nilimwambia ndugu yangu mambo mingi. Ni mimi. Ni mimi nilimaliza moto ya simu."

Emojong alikunja uso. Aliangalia karatasi, kisha akaniangalia mimi.

"Kassim. Zile kadi za mwaka jana, ziko sawa?"

Nimeishi na swali hilo kwa karibu kuliko nilivyoishi na mke wangu. Lilikuwa swali jepesi. Kama ningesema haziko sawa, Emojong angefanya hesabu upya pale pale mezani, paneli ya tatu ingeletwa, na Oluka angekaa chini akiwa mtu aliyefiwa tu. Kulikuwa na watu thelathini ndani ya chumba. Wazee wa kanisa, wazee wa kijiji, na mimi Mwislamu wa mjini niliyeletwa kwa sababu ni mwaminifu. Niliona nyuso zao zikinigeukia.

"Ziko sawa," nikasema.

Emojong akafunga faili. Jua likiwa sawa, basi kilichobaki ni maongezi. Wakaandika hivyo. Mwezi uliofuata paneli ziliteremshwa, zikapelekwa kwingine ambako, walisema, watu wangezitunza. Anjeline alihamishiwa upande wa Namboboto. Emojong aliacha kazi ile akaenda Nairobi, na sikumwandikia.

Na Alaso akamchukua mtoto. Alikuja kwa Oluka siku ya kuanua matanga, akamfunga mgongoni kale kachanga, akasema mwanamume aliyemaliza pumzi ya simu kwa domo lake hatamlea mtoto wa binti yake. Oluka hakuweza hata kwenda kujitetea. Kwao mkwe hasimami mbele ya mama mkwe wakatazamana. Akimwona njiani anaingia vichakani mpaka apite. Lazima atume mtu, na hakuwa na mtu wa kumtuma, wala neno la kumpa, kwa sababu yeye mwenyewe aliamini.

Mwaka ukapita, na zaidi. Alaso aliendelea kutuletea unga, sasa akiwa na mtoto mgongoni. Walimwita Adeke, jina la mama yake. Shamsa alimpenda sana, na mimi nikamzoea. Nilimpa vitufe vya redio mbovu achezee, akawa akifika tu ananyoosha mikono nimteremshe. Huwezi kujua mtu anajisikiaje akimpakata mtoto kama yule. Kila alipocheka nilitaka kukimbia, na kila wiki nilimngoja.

Mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa sabini na tisa, Oluka alikuja kibandani. Alikuwa amezeeka miaka kumi. Alitoa kigauni cha manjano ndani ya gazeti.

"Fundi, bibi yako anaongea na mama mkwe. Naomba ampelekee hii. Asiseme imetoka kwangu."

Shamsa alikipeleka. Siku ya pili Alaso alikirudisha, kimekunjwa vilevile. Alikuwa ameuliza kimetoka wapi, na Shamsa hajui kusema uongo. Ile kazi nilikuwa nimeifanya mimi kwa niaba ya nyumba nzima.

"Kwa nini anamchukia hivyo yule kijana?" Shamsa akaniuliza usoni. "Mtu anaweza kuua mke wake kwa kuomba nguo za mtoto?"

Ndipo nikamwambia. Kuhusu kadi, kuhusu daftari, kuhusu mkutano. Nilidhani atalia. Aliketi akanitazama kama mtu anayetafuta alikoniona mara ya kwanza.

"Nenda," akasema. "Usile kwangu mpaka umeenda."

Oluka alirudi Jumamosi kuuliza habari za gauni. Nilimrudishia na gazeti lake, nikamkalisha kwenye kigoda nikamweleza yote bila kupumzika. Alisikiliza akikunja na kukunjua lile gazeti.

"Hata kama singeongea siku ile?"

"Hata ungeongea nusu saa. Emojong alihesabu dakika arobaini kila siku. Betri zilikuwa zimeisha kabla hujaja."

"Umejua tangu lini?"

Hapo nilitaka uongo mwingine, nao ulikuwa tayari mdomoni. "Tangu ulipoanguka na baiskeli hapo nje," nikasema.

Alitazama treni ya mizigo mpaka ikapita yote. Nilingoja anipige. Ningeshukuru angenipiga.

"Kila usiku," akasema, "mimi narudia yale maneno niliambia ndugu yangu. Natafuta ni gani ningeacha." Akainuka. "Funga duka. Twende umwambie yeye. Mimi siwezi kusema naye, unajua."

Tulitembea maili zile saba. Karibu na boma la Alaso, Oluka alijitenga akasimama nyuma ya ghala la mtama, mahali asipoonekana lakini anasikia. Mimi nikaingia peke yangu. Alaso alikuwa anapepeta, na mtoto alikuwa amesimama kando ya ungo, akiwa na miguu imara sasa, mdomo mweupe kwa unga.

Nilisema nikiwa nimesimama. Sikujitetea hata kidogo. Nilisema mwaka ule aliposema hakuna jua, alisema kweli, na mimi niliandika kuwa lipo. Nilisema mkwe wake hakumaliza chochote. Nilisema niliulizwa mbele ya watu nikaogopa aibu.

Aliendelea kupepeta mpaka unga wote ukaisha kwenye ungo.

"Kwa hivyo huyo kijana hakuua mtoto wangu."

"Hakuua, mama."

"Mwaka moja na nusu," akasema polepole. "Kila siku nikiosha huyu mtoto, namwambia baba yako ni mtu mbaya. Baba yako ni mtu ya maneno mingi." Alifuta mikono, moja kwa nyingine. Hakunilaani. Hakuniangalia kabisa. "Yeye iko wapi?"

"Nyuma ya ghala."

Alaso alijifunika uso kwa leso, akageuka akaupa mgongo ua wote. "Mwambie aje achukue mtoto yake. Mimi sitaangalia."

Oluka alitoka. Alikuja akiburuta miguu, kigauni cha manjano mkononi, akachuchumaa hatua chache kutoka kwa mtoto na kunyoosha mikono miwili. Aliita jina lake. Ilikuwa sauti nzuri, ya chini, sauti ya mtu aliyekuwa akilifanyia mazoezi jina lile peke yake.

Mtoto alimtazama. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Kisha akapiga ukelele, akageuka, akampita bibi yake, akaja mbio moja kwa moja mpaka kwangu. Akaushika mguu wa suruali yangu kwa mikono yote miwili, akaficha uso.

Oluka alibaki amechuchumaa, mikono bado imenyooshwa.

"Wewe anakujua," akasema.

Niliinama nikaanza kuvibandua vidole vya mtoto, kimoja kimoja, na kila nilichokibandua alikirudisha.